Maji Niliyochemsha Mara Mbili

Katika ploti yetu ya Kitengela mimi ndiye niliyekuwa waziri wa maji. Hakuna aliyenipigia kura. Mke wangu hutoka alfajiri kwenda kazini Nairobi, na mimi hushona sare za shule hapo hapo sebuleni, kwa hivyo kila shughuli inayohitaji mtu aliye nyumbani huwa yangu: kupokea mtungi wa gesi, kufukuza mbuzi wasimalize sukuma, kumpokea binti yetu akitoka shule, na maji. Sikulalamika hata siku moja. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu husafiri mpaka Naivasha kutazama viboko. Mimi nikifika getini na kurudi, naona nimetembea vya kutosha, nahitaji chai.

Maji yetu yalitoka kwa mfereji ulio katikati ya ploti, na mfereji ulivuta kutoka kisima cha pampu ambacho mwenye nyumba alichimba kabla hajajenga hata choo. Kuyatazama, yalipendeza. Ukiyatia kwenye glasi ungedhani ni ya meza ya maharusi. Lakini sabuni ilikataa katakata kutoa povu, na ndani ya birika kulikuwa na ukuta mweupe, mgumu, uliopigwa vizuri kuliko plasta ya nyumba yenyewe. Siku tuliyohamia, binti yetu akiwa na miaka mitatu, nilipika chai. Mke wangu alionja, akatazama kikombe, akanitazama mimi.

"Fundi, umeweka chumvi?"

Mke wangu huniita Fundi kama wateja, hasa akitaka kunishtaki.

"Ni maji," nikamwambia.

"Basi yafanyie kitu." Akaenda kulala.

Hapo ndipo elimu yangu ya sekondari ilipopata ajira. Mimi nilifika kidato cha nne, na mengi niliyofundishwa huko yaliniacha siku ile ile niliporudisha dawati. Jambo moja lilibaki: maji yakichemka, wadudu wanakufa. Sasa, nikafikiria, kama kuchemsha mara moja kunaua wadudu, kuchemsha mara mbili kutaua hata wale waliojificha. Hilo la pili halikuwa kwenye kitabu. Hilo niliongeza mwenyewe.

Niliweka jiko la makaa mlangoni na sufuria kubwa juu yake, nikarudi kwenye cherehani. Sikuwa na haja ya saa. Nilipima muda kwa kaptula. Maji yalichemka mpaka nimalize kushona kaptula nzima ya darasa la nne, pamoja na mifuko. Jioni niliyarudisha motoni yale yale, kaptula nyingine. Sufuria ilianza siku ikiwa imejaa mpaka mdomoni na kumaliza ikiwa nusu, na mimi nikitazama ile nusu nilijisikia kama mtu aliyechuja dhahabu.

Mama wa ploti walinicheka kwanza. Mmoja akasema hajawahi kuona mwanamume anayepika maji kama githeri. Lakini mtoto wake alipoumwa na tumbo na wangu hakuumwa, alikuja mlangoni, sauti imeshuka.

"Hebu nikuulize, Fundi. Wewe hayo maji unaacha kwa moto mpaka lini?"

"Kaptula moja asubuhi, kaptula moja jioni."

Ikawa sheria. Ndani ya miezi michache ungesikia mama wawili kwenye kamba ya nguo wakiulizana: "Yako yameiva?" "Nimeyaacha kaptula moja na nusu." Sijawahi kuongoza chochote maishani, hata kwaya, na sasa nyumba nane zilikuwa zikichemsha kwa kipimo changu. Nilianza kutembea kwenye ploti polepole, mikono nyuma.

Mtu mmoja tu hakunistahi. Kila asubuhi mama mmoja Mmaasai alituletea maziwa kutoka boma lake, ng'ambo ya nyumba za mwisho. Nilimwita Yeyo, maana yake mama kwa lugha yao, na nilikuwa nimejifunza kumsalimia inavyotakiwa.

"Yeyo, takwenya!"

"Iko," anajibu, halafu anatazama sufuria yangu. "Fundi, hayo maji yamekukosea nini?"

Akicheka, meno yake yanaonekana: imara, yamepangana, na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Watu wengi wa huku wako na meno hayo na nilidhani ni jambo la kuzaliwa nalo, kama vile sisi tuliotoka magharibi tunavyozaliwa tukiulizia ugali. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa na kaptula za kushona.

Binti yetu alipofika miaka sita, meno mawili ya chini yakaanza kucheza. Aliyasukuma kwa ulimi mchana kutwa na kutoa taarifa kila baada ya dakika kumi. Shule zilikuwa zimefungwa, na mimi nilikuwa na marobota mawili ya sare za kupeleka shule moja Kajiado mjini. Kwangu mimi Kajiado ni safari, hufunga mkate. Nilimchukua binti kwa sababu hakuna mtu wa kumwachia, tukapanda basi la barabara ya Namanga, tukafika tukakuta uwanja wa ile shule umejaa watoto na wazazi, na hema, na viti vya plastiki. Watu wa meno walikuwa wamekuja kupima watoto bure.

Neno bure na mimi tunaelewana. Tukaingia kwenye foleni.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye tochi kichwani kama mchimba migodi. Alimkalisha binti yangu, akamwambia aseme aaa, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mnaishi wapi, baba?"

"Kitengela."

"Mnakunywa maji gani?"

"Ya borehole, ya ploti." Nikaona kalamu yake imeanza kutembea, nikaharakisha kujitetea. "Lakini mimi nachemsha! Mara mbili!"

Kalamu ikasimama. Nilidhani anataka kunipongeza. Nilinyoosha hata shingo.

"Mara mbili kwa muda gani?"

"Daktari, nachemsha kabisa. Sufuria ikiwa imejaa, nikimaliza inabaki nusu."

Akazima tochi. "Baba, ukiweka supu kwa moto, imetiwa chumvi vizuri, halafu uisahau mpaka ibaki nusu. Ukionja, inakuwa namna gani?"

"Chumvi kali."

"Kwa nini?"

Nilikuwa kwenye foleni ya watoto wa darasa la kwanza, nikijibu maswali ya darasa la kwanza, na jibu nikaliona likinijia kwa mbali kama lori lisilo na breki.

"Kwa sababu maji yameondoka na chumvi imebaki," nikasema.

"Sasa maji ya visima vingi vya huku iko na kitu kinaitwa floraidi. Kidogo inasaidia meno. Nyingi inaharibu, inayachora madoa, inayafanya kahawia. Hiyo floraidi si mdudu. Haifi ukiichemsha. Wadudu umeua, hongera. Lakini hiyo ingine umekuwa ukimpikia."

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa amekaa na mdomo wazi bado, kwa sababu hakuna aliyemwambia afunge.

Daktari alinieleza taratibu, bila kunikaripia, na hilo liliuma zaidi. Meno yale makubwa hayaumbwi siku yanapotoka. Yanajengwa ndani ya taya miaka mingi kabla, na yanatumia maji ambayo mtoto anakunywa wakati huo. Ya mbele huenda yalikuwa yameshaguswa, na hakuna wa kujua mpaka yachomoze. Ya nyuma yalikuwa bado yanajengwa.

"Hayo unaweza kuyaokoa," akasema. "Badilisha maji. Leo, si kesho."

Tukiwa njiani kurudi stendi, binti akanivuta mkono. "Baba, meno yangu yatakuwa ya chai?"

"Hapana," nikasema. Nilikuwa na hakika kama vile nilivyokuwa na hakika juu ya kaptula.

Nilimsubiri mke wangu jioni hiyo kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Alipoingia nilimweleza yote akiwa bado hajavua viatu. Alikaa. Alivua kiatu kimoja, akakishika mkononi, na nikahesabu umbali kati yetu.

"Kwa hivyo miaka mitatu," akasema, "unampikia mtoto supu ya mawe."

"Mara mbili kwa siku," nikasema, kwa sababu ukweli ni ukweli.

Akaanza kucheka. Mke wangu akichoka sana hucheka, na alicheka mpaka kiatu kikaanguka, halafu akaenda kumtazama mtoto aliyelala. Aliporudi hakuwa anacheka tena. "Kabla hujala, toka nje. Waambie wale mama."

Hiyo kamba ya nguo niliyoiongoza kwa heshima ndiyo nilisimama chini yake kukiri. Walikuwa wanne. Niliwaeleza ya supu, ya floraidi, ya meno ndani ya taya. Halafu yule aliyenijia wa kwanza akauliza, polepole kabisa:

"Kwa hivyo ile kaptula moja na nusu yangu..."

"Bora ungeshona kaptula yenyewe, mama."

Walinirarua. Kwa mwezi mzima nikipita ungesikia, "Mpisheni mwalimu!" Lakini jioni ile ile nilisikia masufuria yakimwagwa, nyumba baada ya nyumba, na nikashukuru.

Sasa, mimi nikikosea upande mmoja, nikirekebisha huwa napitiliza mpaka upande wa pili. Kesho yake nilienda kwa duka la mzee mmoja Msomali pale kona, ambaye huuza kila kitu kuanzia mchele mpaka mazulia, na nikaagiza maji ya chupa. Zile za nusu lita, katoni. Si ile mitungi mikubwa ya kujaziwa, kwa sababu mtungi nimeuona ukikaa juani barazani mpaka ukaota ukijani kama bwawa. Mimi nilitaka kifuniko kinacholia tak.

Katoni zake zilikuwa zimepangwa nje, ukutani, juani. Nikamwomba anitolee za ndani.

"Kwa nini? Hii ni hiyo hiyo."

"Zimekaa kwa jua, mzee."

"Fundi, maji inaogopa jua?" Akacheka, lakini akaingia ndani akaniletea. "Kwetu Wajir maji ikifika, mtu anasema alhamdulillahi. Wewe unauliza imelala wapi."

Binti yetu alifurahi kupita kiasi. Mjue, katika shule yake maji ya chupa huonekana siku moja tu kwa mwaka, siku ya wazazi, juu ya meza yenye kitambaa, mbele ya mgeni rasmi. Wengine wote hunywa kwa mfereji. Sasa yeye alifungua chupa yake kila siku saa nne, tak, darasa zima likigeuka. Alirudi nyumbani na kutuarifu kwamba ameketi kama mgeni rasmi, na kwamba rafiki yake amemwomba nafasi ya kushika kifuniko.

Watoto wengine wakaanza kuja na chupa za kuokota, ikawa hazijulikani. Nikatumia akili ya fundi: kila chupa ya binti yangu niliifunga uzi wa rangi ya damu ya mzee shingoni, uzi ule ule ninaoshonea sweta za shule ile, mafundo mawili. Hakuna chupa ingine Kitengela yote iliyovaa hivyo. Nilijivunia.

Chupa tupu nilizipanga nyuma ya nyumba kwenye gunia. Gunia likajaa, nikaleta la pili. Vijana wa takataka walibeba siku walizokuja, na siku hawakuja ulikuja upepo. Nyinyi mnaoishi uwandani mnaujua ule upepo wa Agosti. Gunia lililala asubuhi moja, na chupa zikaondoka zikibingirika kuelekea nyikani, zikigongana kama watoto wametoka shule. Nilisimama mlangoni na kikombe changu. Nilisema nitazifuata nikimaliza chai. Mimi ni mtu wa nyumbani, nimeshasema.

Siku ya tatu Yeyo alikuja na maziwa, na mkono wa pili nyuma ya mgongo.

"Yeyo, takwenya."

Hakujibu iko. Akatoa mkono. Alikuwa ameshika chupa, imetafunwa mpaka imekuwa kama kitambaa, imepakwa mate na majani. Shingoni, mafundo mawili, uzi wa damu ya mzee.

"Fundi. Hii nguo ni ya mtoto wako?"

Sijui kama umewahi kukamatwa na kazi ya mikono yako mwenyewe. Nilitazama yale mafundo. Yalikuwa yameshika vizuri kabisa.

"Nimeitoa kwa mdomo wa ndama," akasema. "Mkono mpaka hapa." Akanionyesha kwenye kiwiko. "Ndama anataka chumvi ya mikono yenu. Anatafuna, anatafuna, siku ingine anameza. Ng'ombe wa shemeji yangu kule Bisil alipasuliwa, ndani tukapata duka zima."

"Pole sana, Yeyo. Ni upepo."

"Upepo ulifunga uzi?"

Nilimkaribisha akae. Mimi huwa sina maneno nikikosea, huwa na chai, nikampa. Nikamweleza kwa nini nimegeuka mtu wa chupa: kisima, daktari, taya. Nilipofika kwenye meno nilianza kujikwaa. Unamwambiaje mtu mwenye meno ya kahawia kwamba unaogopa mtoto wako asipate meno ya kahawia? Nilizunguka mbali sana. Nilipitia hata historia ya visima. Alinitazama nikihangaika, kisha akanionea huruma.

"Unaogopa apate kama yangu. Sema tu."

Nikamwongezea chai.

"Haya yamekula nyama mpaka leo," akasema, na kuyagonga kwa ukucha. "Hayana shida na nyama. Lakini nikiwa msichana, tulienda sokoni, nikaona wasichana wa mbali wakicheka. Nikaanza kucheka na mkono hapa." Akafunika mdomo. "Miaka mingi. Nikipokea wageni, mkono. Nikiolewa, mkono. Halafu nikachoka kubeba mkono, nikauacha." Akacheka, waziwazi, meno yote. "Huyo mtoto wako asibebe mkono. Uko na haki. Lakini, Fundi, hayo maji yeye anakunywa dakika moja, ndama wangu anakula chombo chake mwaka mzima. Tafuta maji ingine."

"Wajukuu wako wanakunywa nini?"

"Ya mvua, ikiwa kwa tangi. Ikiisha, ya kioski pale kwa barabara, ile ya mfereji mkubwa. Inatoka mbali, haina chumvi."

Kioski hicho nilikijua. Ni mwendo wa robo saa, na maji huja kwa zamu, siku fulani ndiyo, siku fulani hapana. Nilikuwa nimekiondoa kwenye akili yangu zamani kwa sababu hizo mbili, na zaidi ile ya kwanza.

Alasiri hiyo nilifunga cherehani mapema, nikachukua gunia, nikaenda kuokota chupa. Mimi, nyikani, na kofia ya mke wangu kwa sababu sina yangu. Niliziokota kwenye miba, kwenye mtaro, kando ya dimbwi ambalo ng'ombe hunywea. Zangu zilijitambulisha kwa mbali. Zisizo zangu zilikuwa nyingi zaidi, na baada ya muda niliacha kubagua. Watoto wa boma walikuja kunisaidia na kunicheka kwa zamu.

Lakini sikutaka tena kuamini maji kwa kuyatazama tu. Nilishafanya hivyo miaka mitatu. Nilijaza chupa tatu: ya mfereji wetu, ya kioski, na ya chupa ya dukani, nikazishonea lebo za kitambaa zisichanganyike, na nikaenda Kajiado kwa hiari yangu, bila sare, bila bure. Mke wangu alisema angepiga picha kama asingekuwa amechelewa. Yule daktari alinielekeza mahali pa kupimwa maji, na siku chache baadaye akanipigia simu.

"Ya mfereji wenu ndiyo shida, kama nilivyofikiria. Oga nayo, osha nguo, usimpe mtoto. Ya chupa iko sawa. Ya kioski iko sawa kwa floraidi."

"Zote mbili sawa?"

"Sawa. Lakini ya kioski inapita njia ndefu na inakaa kwa mitungi yenu, sijui mnaiosha namna gani. Kwa hivyo chemsha."

Nilishika simu kwa mikono miwili. "Daktari, umesema nichemshe?"

"Mara moja, baba. Yakitokota vizuri, unaepua na kufunika. Tafadhali usishone kitu."

Binti alikuwa amemwambia siku ile ya hema. Mtoto huyu hana siri.

Nilimweleza mke wangu usiku huo. Ya chupa ilikuwa rahisi: ipo dukani, inalia tak, na mtu haendi popote. Ya kioski ilitaka mkokoteni, mitungi, foleni, na mimi nikiwa nje ya geti.

"Meno ni yale yale kwa zote mbili?" akauliza.

"Yale yale."

"Tofauti ni nani atatembea, wewe au chupa."

Akaendelea kula. Kesi ilikuwa imekwisha.

Basi nikatembea. Siku za zamu nilienda na mkokoteni wa kukodi na mitungi minne, nikasimama kwenye foleni na mama wa ploti, ambao walikuwa wamehamia huko pia. Walinipokea kwa shangwe isiyo ya haki. "Mwalimu ametoka nje! Leo mvua!" Nilijifunza majina ya barabara ninazoishi karibu nazo. Mitungi niliisugua kwa mchanga na sabuni, maji ya kioski yalitoa povu la kweli, nikacheza nalo kidogo nilipoona hakuna anayeniona. Nilimwendea mwenye nyumba pia, nikamweleza ya meno, akaguna, lakini mvua za Novemba zilikuta mabati yetu yamefungwa mifereji na tangi limekaa pembeni. Chupa hatukuacha kabisa. Siku kioski kikikauka na tangi limeisha, nanunua, na zikiisha nampa Yeyo, anazitia mafuta ya samli, na hakuna inayofika kwa ndama. Uzi niliacha kuufunga. Binti alishushwa cheo kutoka mgeni rasmi hadi raia wa kawaida mwenye kibuyu cha plastiki cha kujaziwa, na alilia kwa siku moja na nusu.

Yale meno mawili ya chini yaling'oka. Halafu ya juu. Mwaka mzima mtoto alikuwa na mlango wazi, na kila asubuhi mimi na mama yake tuliinama na tochi ya simu kutazama kama kuna kitu kinachungulia. Kilipoanza kuchungulia sikuweza kutazama. Nilimwambia mke wangu atazame yeye. Naye akasema hapana, tazama wewe, wewe ndiye mpishi.

Tulirudi Kajiado wote watatu, mke wangu akiwa ameomba ruhusa kazini. Daktari alikuwa kwenye chumba sasa, si hema, lakini tochi ilikuwa ile ile. Alitazama. Akageuza kichwa cha mtoto kwenye mwanga wa dirisha, akatazama tena. Nilijikuta nimeshika mkoba wa mke wangu, na yeye ameshika mkono wangu.

"Njooni muone."

Meno makubwa mapya, mawili chini na mawili juu, yenye ukingo kama msumeno mdogo. Meupe. Juu yake, ukitazama karibu sana, kulikuwa na wingu, mistari miwili mitatu ya chokaa, hafifu.

"Haya mawingu ni yenu ya zamani," daktari akasema. "Hayatakuwa kahawia. Ukiwa mbali huoni kitu. Ya nyuma tutasubiri, bado miaka, lakini mliacha mapema. Endeleeni hivyo hivyo."

"Mimi nayaona mawingu," nikasema.

"Wewe utayaona mpaka uzeeke," akasema mke wangu. "Wengine wataona meno."

Tulitoka nje. Kajiado ilikuwa na vumbi lake la mchana, siku ya soko la mifugo, watu na ng'ombe wakikatiza barabara bila kuulizana. Binti alitembea mbele yetu, kichwa juu, midomo imevutwa nyuma mpaka masikioni, meno yote nje. Alimgeukia muuza ndizi, akamgeukia askari wa soko, akawageukia wazee watatu waliokaa na fimbo zao.

"Funga mdomo, utameza vumbi," mama yake akamwambia.

"Bado," akasema. "Wale upande ule hawajaona."